Paulo hakubeba mchango peke yake: uaminifu katika matoleo ya kanisa

Mama anayeuza sombe katika soko la Kadutu au la Virunga, anapotia franka 500 katika kikapu siku ya Jumapili, anamtolea Mungu. Lakini tangu feza ile inapotoka mkononi mwake, inapita katika mikono ya watu: shemasi, mtunza feza, mchungaji, komite ya parokia, mara nyingine ofisi ya komunoti iliyo mbali. Mama yule hataiona tena. Kwa hiyo kila kanisa lina swali la kujibu: feza iliyotolewa kwa Mungu inachungwaje inapokuwa mikononi mwa watu?

Agano Jipya linatupa mfano mmoja ulioelezwa kwa urefu kuliko mingine. Ni mchango ambao mtume Paulo aliukusanya kwa ajili ya maskini wa kanisa la Yerusalema.

Mchango huo ulikuwa nini

Wakristo wa Yerusalema walikuwa katika uhitaji mkubwa. Hapo mbele, wakati wa njaa iliyotokea siku za Kaisari Klaudio, kanisa la Antiokia lilituma msaada kwa wazee wa Yudea kwa mkono wa Barnaba na Sauli (Matendo 11:27-30). Baada ya miaka, Paulo alipanga mchango mkubwa zaidi kati ya makanisa ya mataifa: Galatia, Makedonia na Akaya, ambamo mji wa Korinto umo. Habari zake tunazipata katika 1 Wakorinto 16, 2 Wakorinto 8 na 9, na Waroma 15.

Waliotoa si matajiri tu. Paulo anashuhudia kwamba Wakristo wa Makedonia walikuwa katika mateso na umaskini mwingi, lakini waliomba wenyewe wapewe nafasi ya kusaidia, wakatoa kupita uwezo wao (2 Wakorinto 8:1-4). Wakorinto walianza kujitayarisha mwaka mmoja mbele, kisha wakalegea. Huko Korinto kulikuwa na manung'uniko pia. Katika 2 Wakorinto 12:16-18 tunaona wazi kwamba watu fulani walimshuku Paulo kuwa anawapokonya mali kwa werevu, kwa njia ya wale anaowatuma. Na huyu ni mtume aliyefanya kazi ya kushona hema kwa mikono yake huko Korinto, asiwalemee watu kwa chakula chake.

Basi Paulo alikuwa na feza za maskini waliotoa kwa maumivu, safari ndefu ya nchi kavu na bahari, na watu waliokuwa tayari kumsema vibaya. Hali hiyo si ngeni kwetu.

Jinsi alivyopanga

Kwanza, aliagiza kila mtu aweke akiba yake siku ya kwanza ya juma, kadiri ya mapato yake, ili michango isikusanywe kwa haraka siku atakapofika (1 Wakorinto 16:2). Mtume hakutaka uso wake uwe sababu ya watu kutoa. Utoaji wa pole pole na wa kawaida ni rahisi kuhesabu. Ule unaofanywa kwa vishindo siku moja ni rahisi kupotea.

Pili, waliotoa ndio waliochagua wabebaji. Anasema atawatuma Yerusalema, pamoja na barua, wale ambao Wakorinto wenyewe watawakubali. Yeye mwenyewe atakwenda nao tu ikiwa inafaa (1 Wakorinto 16:3-4).

Tatu, hakumtuma mtu mmoja. Tito alikwenda Korinto pamoja na ndugu wengine wawili. Mmoja alisifiwa katika makanisa yote, na makanisa ndiyo yaliyomchagua kuwa mwenzi wa safari. Mwingine alikuwa amejaribiwa mara nyingi na kuonekana mwenye bidii (2 Wakorinto 8:16-22). Katika Matendo 20:4 tunasoma majina ya watu saba waliosafiri na Paulo kuelekea Yerusalema, kutoka Beroya, Tesalonike, Derbe na Asia. Wasomaji wengi wa Biblia huwaona kuwa wajumbe wa makanisa yaliyotoa.

Nne, alieleza sababu bila kuficha. Alisema anajihadhari mtu yeyote asije akamlaumu juu ya mchango mkubwa namna hii, maana anataka kufanya lililo jema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia (2 Wakorinto 8:20-21). Hapa ndipo penye uzito wa mfano wote. Paulo angeweza kusema: «Mungu anaujua moyo wangu, inatosha.» Mungu aliujua kweli. Lakini mama wa Makedonia hakuweza kuusoma moyo wa Paulo, wala mjane wa Yerusalema. Wao walihitaji mashahidi.

Ezra na njia yenye hatari

Kuna mtu mwingine aliyebeba mali ya Mungu katika njia ya wavamizi. Ezra alipotoka Babeli kwenda Yerusalema, aliona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda, akafunga na kuomba. Lakini baada ya maombi hakuacha kupima. Aliwatenga wakuu wa makuhani 12, akawapimia feza, zahabu na vyombo, akawaambia wakeshe na kuvilinda mpaka wavipime tena mbele ya wakuu huko Yerusalema (Ezra 8:21-30). Walipofika, siku ya nne, kila kitu kilihesabiwa na kupimwa, na uzito wote ukaandikwa (Ezra 8:33-34).

Tuangalie vizuri: walipima wakati wa kuondoka, wakapima wakati wa kufika, na hesabu mbili zikalinganishwa. Imani ya Ezra haikuchukua nafasi ya mzani.

Katika makanisa yetu ya mashariki

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mambo yafuatayo hayahitaji kompyuta wala mtaalamu. Yanahitaji daftari, kalamu na watu watatu wenye nia njema.

*Kuhesabu pamoja.* Matoleo yahesabiwe palepale kanisani baada ya ibada, na watu wasiopungua watatu, wasiotoka katika jamaa moja. Franka ziandikwe peke yake na dola peke yake. Feza zikibadilishwa, kiwango cha siku ile kiandikwe, maana tofauti ya kiwango ni tundu ambamo mengi hupotelea. Wote watatu watie saini kabla sanduku halijafungwa.

*Simu.* Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, mabenki yalifunga milango. Makanisa mengi yakabaki na M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Simu ni msaada mkubwa, lakini namba iliyo kwa jina la mtu mmoja ni sanduku lenye ufunguo mmoja. Akifa, akikimbia vita au akinyang'anywa simu njiani, feza za kanisa zinakwenda naye. Heri komite iandike ni namba gani inapokea matoleo, mtu wa pili aone ujumbe wa kila mapokezi, na kila mwisho wa mwezi salio lisomwe mbele ya watatu na kuandikwa katika daftari.

*Feza yenye kusudi.* Mwezi wa Mei 2023 mafuriko yalipobomoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe na kuua mamia ya watu, waamini wa mahali pengi waliguswa kutoa. Feza iliyotolewa kwa ajili ya walionusurika si feza ya mabati ya kanisa, hata kama mabati yanahitajika kweli. Ukurasa wake katika daftari uwe peke yake. Ikiwa kuna sababu ya kubadili matumizi, waliotoa waulizwe kwanza. Na msaada unapogawiwa, wanaopokea watie saini au alama ya kidole, na mjumbe mmoja awe mtu wa mahali pale.

*Kutoa taarifa kwa hekima.* Katika vijiji vingine kutangaza mimbarani kiasi cha feza kilichopatikana ni kuwaita wezi na watu wenye silaha usiku uleule. Hiyo ni hofu ya kweli, lakini isiwe kifuniko cha giza. Komite ijue kiasi siku ileile. Washiriki wote wasomewe hesabu kila miezi mitatu, wakati feza imekwisha kufanya kazi yake: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, kwa kazi gani, nini kimebaki. Ezra naye hakutangaza uzito wa zahabu njiani, aliupima mwanzoni na mwishoni.

*Mahitaji ya mchungaji.* Mahali ambapo mchungaji hana posho inayojulikana, yeye hukopa sandukuni mtoto akiugua, naye hana wakati wa kurudisha. Kuandika posho yake, hata ikiwa ndogo, na kumpa kwa siku iliyopangwa, ni kumlinda na jaribu na pia na masingizio.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

*Je, kuomba hesabu ni kumshitaki mtumishi wa Mungu?* Hapana. Paulo ndiye aliyeomba mashahidi, si Wakorinto waliomlazimisha. Hesabu iliyoandikwa ni ngao ya mtunza feza mwaminifu siku uvumi unapotokea. Asiyekuwa na daftari hana cha kuonyesha, hata kama hakuiba chochote.

*Yesu hakusema mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume?* Katika Matayo 6:1-4 Bwana anamkataza mtoaji kujionyesha. Hasemi juu ya mtunzaji kuficha. Mtoaji anaweza kubaki bila kutajwa, na jumla ikasomwa wazi.

*Katika 2 Wafalme 12:15 hawakudaiwa hesabu, maana walikuwa waaminifu. Kwa nini sisi tudaiwe?* Tusome sura yote. Miaka ilipita makuhani wakipokea feza na nyumba ya Bwana haikutengenezwa. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu juu ya kifuniko, na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu wakahesabu feza pamoja, wakazifunga katika mifuko. Feza zilizofika kwa wasimamizi wa kazi zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa na watu wa ofisi mbili. Uaminifu wao ulisifiwa ndani ya utaratibu huo.

*Feza ikipungua, tufanye nini?* Tusianze na uvumi wala mahubiri ya mafumbo. Daftari lisomwe na watu wawili wasiohusika, na mwenye kutunza asikilizwe. Neno juu ya mzee lipokelewe kwa mashahidi wawili au watatu, na kosa likithibitika lisifichwe kwa ajili ya cheo (1 Timoteo 5:19-21).

Pa kuanzia

Paulo alipokaribia mwisho wa kazi hii, aliwaomba Wakristo wa Roma wamwombee ili huduma yake ipate kukubaliwa na watakatifu wa Yerusalema (Waroma 15:30-31). Alichagua wajumbe, aliandika barua, alijihadhari na lawama, na bado akaomba.

Parokia isiyo na daftari inaweza kuanza Jumapili ijayo. Inunue daftari moja, iandike namba kwenye kila ukurasa ili usichanwe, ichague watu watatu mbele ya washiriki, na ipange tarehe ambapo hesabu ya kwanza itasomwa. Siku hiyo mama wa sokoni atasikia franka zake 500 zilifanya kazi gani.