Wati-saa: Kipimo cha Akiba ya Betri

Wati-saa ni kipimo cha nishati, yaani jumla ya kazi ambayo umeme umeifanya au unaweza kuifanya, nacho hupatikana kwa kuzidisha wati za chombo kwa muda ambao chombo hicho kimetumika. Wati yenyewe, iliyopewa jina la James Watt, mhandisi wa Uskoti aliyefariki mwaka 1819, haielezi jumla hiyo bali kasi ya kuitumia. Na ni tofauti hii inayoamua kama taa za wavuvi wa dagaa wa Mwanza na Ukerewe zitafika alfajiri, au kama jokofu lililomo katika gari la safari lenye vitanda, linaloingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, litapoza usiku kucha.

Kwa miaka mingi karabai za mafuta ya taa ndizo zilizowavuta dagaa wa Ziwa Victoria katika usiku wa giza, na mvuvi aliijua akiba yake kwa kuitazama, kwa kuwa mafuta yaliyomo katika tangi ndiyo akiba na jinsi taa inavyoyamaliza ndiyo kasi. Taa za LED zinazotumia betri zimeondoa moshi na gharama ya mafuta, lakini pia zimeificha akiba hiyo machoni, hivyo haina budi kuhesabiwa kabla ya mtumbwi kuondoka ufukweni.

Katika kuiandika hesabu hiyo kwa Kiswahili, kosa linalojitokeza mara nyingi ni kusema «wati kwa saa». Neno «kwa» likikaa kati ya vipimo viwili hudokeza kugawanya, kama katika kilomita 60 kwa saa, ilhali hapa kinachofanyika ni kuzidisha; ndiyo maana umbo lenye kistari, wati-saa, linastahili kushikiliwa hata katika magazeti. Tahadhari nyingine inahusu neno «saa» lenyewe, ambalo hubeba wakati na muda pia, kiasi kwamba agizo la kuwasha taa «saa 10» linaweza kufahamika kuwa ni saa 10 alfajiri. Anayeandika maelekezo ya betri hana budi kusema «kwa muda wa saa 10».

Kipimo hiki si kigeni kwa mtumiaji wa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa sababu uniti moja anayoinunua ni kilowati-saa 1, yaani wati-saa 1,000. Betri, hata hivyo, haiuzwi kwa jina hilo. Kibandiko chake husoma, kwa mfano, volti 12 na ampea-saa 70, na ampea-saa ni kipimo cha chaji, ambacho hakiwi nishati mpaka kizidishwe kwa volti. Zao lake ni wati-saa 840, ambazo hazifiki hata uniti moja. Tena si zote za kutumiwa: betri ya risasi na asidi inayoshushwa mara kwa mara chini ya nusu hufa mapema, na ile iliyoundwa kuwasha injini ya gari huharibika upesi zaidi, kwa kuwa mabamba yake ni membamba. Kwa busara, basi, zihesabiwe wati-saa 420.

Taa 3 za wati 10 kila moja, zikiwaka kwa muda wa saa 10, hutumia wati-saa 300, na simu 4 zinazohitaji takriban wati-saa 15 kila moja huongeza 60. Jumla ni 360, nayo inatosha, ingawa kilichobaki ni kidogo. Jokofu ni gumu zaidi kukadiria, kwa maana kompresa huwaka na kuzima: ikiwa ya wati 45 na ikafanya kazi theluthi moja ya siku, itatumia wati-saa 360 kwa muda wa saa 24, lakini joto la mchana na mlango unaofunguliwa ovyo vyaweza kuzifanya kuwa 540. Anayepitisha umeme katika inveta aongeze sehemu ya kumi au zaidi, kwa kuwa inveta nayo hula.

Ikumbukwe pia kwamba ampea-saa za kibandiko kwa kawaida hupimwa kwa kuitoa chaji taratibu kwa muda wa saa 20, hapa ampea 3.5; betri hiyohiyo ikitolewa ampea 35 haitafikisha saa 2, kwa sababu kasi kubwa hupunguza kinachopatikana. Kurudisha kilichotumika kunategemea jua, na kwa tahadhari paneli ya wati 100 ihesabiwe saa 4 za jua kamili, yaani wati-saa 400. Kiasi hicho kinatosha kufidia usiku wa taa na simu, maadamu wingu la masika halikukaa juu ya ziwa tangu asubuhi. Likikaa, taa moja kati ya tatu ibaki imezimwa usiku unaofuata.