Kamoya Kimeu na Jumba la Makumbusho

Msomaji, huenda siku moja wewe na wenzako mtapanda basi alfajiri, kutoka Kitui au Wote, mwende Nairobi kulitazama Jumba la Makumbusho. Kabla hujaondoka yafaa ujue uendako kuna nini, kwani asiyejua anachokitafuta hupita mbele ya vitu vingi asivione.

Mwaka 1930 miji miwili iliyo mbali sana ilifungua majumba ya elimu. Chicago, huko Marekani, ilifungua jumba lenye kuba, ambamo mashine huangaza darini mfano wa nyota na mienendo yake, watu wakaketi wakafundishwa habari za mbinguni. Nairobi nayo ilifungua Makumbusho ya Coryndon, yaliyopewa jina la gavana aliyetawala Kenya tangu 1922 hata alipofariki 1925. Jumba la Chicago lilimfundisha mtu kutazama juu. La Nairobi lilimfundisha kuitazama ardhi anayoikanyaga. Baada ya uhuru liliitwa Makumbusho ya Taifa, nalo lipo hata leo.

Humo utaona ndege wengi waliokaushwa, na picha za watu wa makabila ya Kenya zilizochorwa na Joy Adamson. Vitazame vyote. Lakini usitoke kabla ya kufika penye habari za binadamu wa kale, kwani hapo pana jambo linalokuhusu.

Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mtu mmoja alikuwa akitembea penye kokoto nyeusi. Akaona kipande kidogo cha mfupa, rangi yake kama ya kokoto zile zile. Kilikuwa kipande cha fuvu. Yeye na wenziwe wakachimba na kuchekecha udongo, hata wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Ni wachache sana binadamu wa zama hizo ambao mifupa yao imepatikana kwa wingi namna hiyo.

Mtu huyo ni Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni. Hakusoma shule kwa miaka mingi, na utotoni alichunga mbuzi. Mwaka 1960 aliajiriwa na Louis na Mary Leakey kuchimba huko Olduvai, Tanganyika. Kazi hiyo haikuwa nyepesi moyoni, maana kwa desturi ya Wakamba kugusa mifupa ya wafu ni mwiko. Hata hivyo alikwenda, akajifunza kuupambanua mfupa na jiwe. Mwaka 1964 aliona taya la kiumbe wa kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, na baadaye akawa kiongozi wa watafutaji wenziwe. Alifariki mwaka 2022.

Mara nyingi vitabu hutaja jina la mtaalamu aliyeandika habari za mfupa, visimtaje aliyeuona kwanza. Pasipo macho yake, mvua ingaliuchukua mfupa ule, na kalamu isingalikuwa na la kuandika.

Basi usimamapo mbele ya kila kabati, jiulize: kitu hiki kilitoka wapi, na nani alikiokota? Usipoliona jina hilo, waulize wahudumu wa jumba, kisha uandike daftarini watakalokujibu.