"Hapo Mnapokwenda, Mnaruhusiwa?"

Huku Silver Spring sote hatujambo, ila joto la Julai linatutoa jasho utadhani tuko Kariakoo saa nane mchana. Nimekuwa kimya kidogo, mnisamehe. Shangazi anakuja mwezi ujao, kwa hiyo jioni zangu zote zinaishia kutafuta nyumba ya kupanga kwa siku nne kando ya Ghuba ya Chesapeake. Nilipompigia simu kumuuliza anapenda mahali pa namna gani, hakuuliza bei wala kama kuna jiko. Aliuliza hivi: "Hapo mnapokwenda, mnaruhusiwa?"

Shangazi aliwahi kufanya usafi katika hoteli moja ya ufukweni pale Dar, anajua jinsi mlinzi anavyompima mtu kwa macho kabla ya kumfungulia geti. Nikamjibu kwamba siku hizi mradi kadi ya benki ina hela, unaruhusiwa. Lakini swali lake halikunitoka kichwani, kwa sababu ndilo swali ambalo watu weusi wa Washington walikuwa wakiulizana kwa miaka mingi kabla hawajafikia kuulizana bei. Leo niwasimulie.

Kwa wasioijua ramani ya huku, Washington haina bahari. Mtu akitaka ufukwe anashika njia ya mashariki, na kwa muda usiozidi saa moja, foleni ikiruhusu, anafika Annapolis, makao makuu ya jimbo la Maryland. Hapo ndipo ilipo Chesapeake, ghuba ndefu inayoingia bara kutoka Atlantiki. Maji yake ni ya chumvi nusu, na sifa yake kubwa ni kaa. Mwishoni mwa karne ya 19 wenye nafasi zao walikuwa wakienda huko kupunga upepo, na mojawapo ya mahali palipokuwa na jina ni Bay Ridge.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walifika Bay Ridge mtu na mkewe, wakakataliwa kwa sababu ya rangi yao. Bwana huyo aliitwa Charles Douglass. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani alikuwa askari wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi maarufu cha askari weusi. Baba yake ni yule Frederick Douglass tuliyemsoma, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1818, akatoroka mwaka 1838, akawa mpinzani wa utumwa aliyejulikana dunia nzima, na baadaye mwakilishi wa Marekani nchini Haiti. Jina lote hilo halikutosha kufungua geti.

Charles na mkewe Laura hawakurudi mjini kulalamika. Walivuka kijito kilichopakana na Bay Ridge, wakakuta ardhi ya familia ya watu weusi, akina Brashears. Wakaongea biashara. Mwaka 1893 Charles akanunua pale zaidi ya ekari 40, akaipima viwanja na kuwauzia ndugu na rafiki zake. Pakaitwa Highland Beach.

Mzee Douglass naye akajengewa nyumba pale, inaitwa Twin Oaks. Ina kijiroshani cha juu kinachotazama maji. Mzee alikitaka kwa sababu moja: ng'ambo ya ghuba ndiko kulikokuwa na mashamba alikozaliwa utumwani. Alitaka akae pale akiwa mtu huru, aangalie kule alikotoka. Hakuwahi. Alifariki Februari 1895, nyumba haijaisha. Mpaka leo ipo, imefanywa makumbusho.

Highland Beach ikawa mahali pa kupumzika kwa walimu, madaktari na wanasheria weusi wa Washington. Wakubwa kama Booker T. Washington, W. E. B. Du Bois na mshairi Paul Laurence Dunbar walipita pale. Mwaka 1922 pakatambuliwa rasmi kuwa mji wenye serikali yake ndogo, wa kwanza wa watu weusi katika Maryland nzima.

Mmoja wa waliokuwa na nyumba pale ni mama ninayempenda sana katika habari hii, Mary Church Terrell. Huyu hakuridhika na kuwa na ufukwe wake. Mwaka 1950, akiwa na zaidi ya miaka 80, aliingia na wenzake katika mkahawa mmoja katikati ya Washington, wakanyimwa chakula. Walikuwa wamekwenda makusudi. Kulikuwa na sheria za jiji za miaka ya 1870 zilizokataza ubaguzi mikahawani, hazijafutwa, ila kila mtu alijifanya amezisahau. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, na Juni 1953 mama akashinda. Alifariki mwaka uliofuata.

Lakini si kila mtu alikuwa na uwezo wa kununua kiwanja. Dobi, dereva na mpishi walikwenda wapi? Karibu na hapo hapo Annapolis kulikuwa na familia ya Carr, watu weusi wenye shamba kando ya maji. Binti wawili wa familia hiyo wakafungua fukwe mbili zilizopakana, Carr's Beach mwaka 1926 na Sparrow's Beach mwaka 1931. Humo mtu alilipa kiingilio, akaoga, akala kaa, na jioni akacheza muziki. Ray Charles, James Brown, Ella Fitzgerald, wote walipiga pale.

Na aliyesafiri mbali zaidi alibeba kitabu. Tarishi wa posta aliyeishi Harlem, Victor Green, alianza mwaka 1936 kuchapisha mwongozo wa hoteli, nyumba za kulala, mikahawa na vituo vya mafuta ambavyo mtu mweusi angepokelewa bila kutukanwa. Kiliitwa Green Book, na kiliendelea kutoka kwa miaka 30. Mimi nilipokuwa natafuta nyumba nilichuja kwa bei, idadi ya vitanda na umbali wa maji. Wao walichuja kwanza kwa usalama wao.

Hata fukwe za serikali ziligawanywa. Mwaka 1952 lilifunguliwa daraja kubwa la kuvuka ghuba, na mwaka huo huo bustani ya Sandy Point kando yake, ikiwa na ufukwe wa Wazungu na ufukwe wa Weusi. Watu wakaenda mahakamani, na Novemba 1955 Mahakama Kuu ikamaliza ubishi: ufukwe wa umma ni wa wote.

Hoteli na mikahawa ya watu binafsi ikabaki vile vile. Na hapa ndipo sisi Waafrika tunapoingia. Mwaka 1961, ule ule tuliopata uhuru wa Tanganyika, mabalozi wa nchi mpya za Afrika walikuwa wakisafiri kwa gari kati ya New York na Washington kwa barabara namba 40. Balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alisimama Maryland kunywa kahawa, akafukuzwa. Serikali ya Kennedy ikaona aibu, maana ilikuwa inashindana na Warusi kutafuta marafiki Afrika. Maofisa wakaanza kuzunguka kuwabembeleza wenye mikahawa wawapokee wanadiplomasia. Weusi wa hapa wakauliza: na sisi je?

Agosti mwaka huo waandishi watatu wa gazeti la Weusi la Baltimore, Afro-American, wakafanya jambo ambalo bado linanichekesha. Walivaa majoho, wakajifanya waheshimiwa kutoka nchi ya Afrika waliyoibuni wenyewe, wakaiita Goban. Wakapewa meza na kuhudumiwa mahali ambapo Mmarekani mweusi asingepewa hata maji. Rangi ile ile, joho tu!

Maryland ilipitisha sheria yake mwaka 1963, na Julai 2, 1964 Rais Johnson akatia saini sheria ya haki za raia kwa nchi nzima. Muungano wetu ulikuwa na miezi miwili na siku chache. Tangu siku hiyo swali la Shangazi lina jibu la kisheria.

Ushindi huo ulikuwa na hasara yake pia. Milango ilipofunguka kila mahali, wateja wa Carr's wakatawanyika, na miaka ya 1970 ufukwe ukafungwa, sehemu kubwa ikajengwa nyumba. Kipande kilichobaki, kama ekari tano, jiji la Annapolis lilikinunua mwaka 2022 ili kiwe bustani ya kumbukumbu.

Sasa niseme la moyoni. Huku ughaibuni utawasikia baadhi yetu, kwenye harusi na nyama choma, wakiwasema vibaya Weusi wa Marekani: wavivu, hawasomi, sisi si kama wao. Nami niliwahi kucheka nao, sitakataa. Lakini sisi tumekuja juzi tumekuta meza imeandaliwa. Mimi nimepata nyumba yenye veranda ya kutazama maji kwa dakika ishirini, na hakuna aliyeniuliza rangi. Bili ya uhuru huo walilipa wao, mmojawapo ni bibi kizee aliyekwenda kunyimwa chakula kwa makusudi ili mimi nisinyimwe. Tunaowasema tumevaa joho la Goban bila kujua.

Shangazi akifika nitampeleka kwanza Twin Oaks, akitazame kile kijiroshani. Picha nitawaletea. Mbaki salama, na msalimieni Bibi.