Tuta, gunia ao bustani ya kuelea: historia ya mboga na maji hapa Gatumba

Vijana wenzetu, wengi mnatuuliza kwa nini tunapanda mboga ndani ya gunia wakati udongo uko. Jibu liko kwenye historia ya maji.

Gatumba ni tambarare, kati ya mto Rusizi na ziwa Tanganyika. Ziwa hili liko na njia moja tu ya kutokea maji, mto Lukuga kule Kalemie. Mvua ikizidi linapanda, na kushuka kunachukua muda. Lilipanda sana mwaka 1964. Mwaka 2020 Rusizi ikamwagika, maelfu ya watu wakahama Gatumba. 2024 ziwa likapanda tena. Na mboga ndizo hufa kwanza, maana mizizi ya lengalenga ikikaa ndani ya maji siku chache inaoza.

Wazee walijua tuta. Bondeni unainua udongo, unachimba mfereji kando, unapanda kiangazi maji yakishuka. Halitaki pesa, na baada ya wiki tatu ao nne unakula lengalenga. Shida, tuta linataka shamba, na sisi wakimbizi shamba hatuna. Na kiboko akitoka Rusizi usiku hakuulizi kama uko na kibali.

Gunia ni la juzi. Kule Kibera, Nairobi, baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, shirika la Kifaransa Solidarités lilianza 2008 kusaidia watu kulima kwenye magunia. Katikati unapanga mawe madogo kama bomba, maji yashuke mpaka chini. Ubavuni unatoboa matundu ya kupandia. Matembele na sukuma zinashika vizuri, unachuma majani wiki nyingi. Watu husema gunia linabebeka. Hapana! Likijaa udongo wenye maji, vijana wawili wanatoka jasho. Kwa hiyo liweke juu ya mawe mapema, kabla ya mvua, usingoje mafuriko.

Bangladesh wanapanda juu ya vitanda vya gugu maji vinavyoelea. Ni akili kubwa, lakini kule maji yanatulia shambani kwa miezi. Rusizi inakuja na nguvu na tope, kitanda kingefika ziwani.

Sisi tunafanya hivi: lengalenga kwenye tuta wakati wa kiangazi, kama mwenye shamba amekubali, matembele kwenye gunia mwaka mzima. Magunia matupu ombeni kwa wamama wanaouza mchele sokoni.