Nafsi ya Wingi katika London ya Kayamba

Msafiri anayeondokea uwanja wa ndege wa Moi, Port Reitz, kwenda London hununua kitabu cha mwongozo kilichoandikwa na Waingereza. Heri atangulize Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza cha Martin Kayamba (1932). Ni rahisi kukidhania kuwa masimulizi ya mgeni aliyestaajabu, lakini jina lake lapinga usomaji huo. Salim bin Abakari, mtumishi aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi mwaka 1896, masimulizi yake yalichapishwa na Carl Velten yakiitwa safari “yangu”. Kayamba asema “tu-”, na nafsi hiyo si pambo. Mwaka 1931 yeye, Mtemi Makwaia na Francis Lwamugira walitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, wakapinga Tanganyika kuunganishwa na Kenya na Uganda. Kweli, alikuwa karani wa serikali, na adabu yake kwa wenyeji yaweza kumchosha msomaji wa leo. Hata hivyo, “kuona” kumetangulia katika jina tu. Kilichowavusha bahari ni “kufanya”. Nasi wa Mombasa tukumbuke kwamba muungano ule ulihofiwa kwa sababu ya walowezi wa Kenya.