Milango ya kukunja ya chumba cha vioo

Mlango wa kukunja ni mlango wa vipande kadhaa vilivyoungwa kwa bawaba, ambavyo husogea juu ya reli na kulaliana upande mmoja. Nchini Uingereza hutumiwa sana katika chumba cha vioo, yaani chumba cha ziada kilichoshikana na nyumba na kutazama bustani, chenye kuta, na mara nyingi paa, za kioo. Mnunuzi huuona kwa mara ya kwanza dukani ukiwa wazi, lakini kwa hali ya hewa ya nchi hiyo mlango hukaa umefungwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa sababu hiyo sifa zake ukiwa umefungwa ndizo za kutangulizwa.

Historia

Chumba cha vioo kilitokana na mabanda ya kifahari ya karne ya 17, ambamo matajiri wa Ulaya ya kaskazini walihifadhi michungwa na milimau wakati wa baridi. Kioo kilikuwa ghali, tena Uingereza kilitozwa kodi hadi mwaka 1845. Kodi ya madirisha ilifutwa mwaka 1851. Kabla ya hapo ni makabaila waliomudu majengo kama lile la Chatsworth, ambalo Joseph Paxton alianza kulijenga mwaka 1836 na likabomolewa mwaka 1920. Jumba la mitende la bustani ya Kew, lililojengwa kati ya 1844 na 1848, lingalipo na halijapata mshindani kwa uzuri. Kodi zilipoondolewa, vyumba vidogo vya aina hiyo vilienea katika nyumba za tabaka la kati, kisha vikafifia katika karne ya 20.

Vilirudi kwa nguvu katika miaka ya 1980, vikiwa na fremu za PVC na vioo vya tabaka mbili. Kufikia hapo kioo bapa kilikuwa rahisi kutokana na mbinu ya Alastair Pilkington, iliyotangazwa mwaka 1959, ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati la kimiminika. Milango ya wakati huo ilikuwa ya kufungua pande mbili au ya kuteleza. Ile ya kukunja ya alumini ilishika soko baadaye.

Mahali pa mlango na sheria

Mlango unaweza kuwekwa kati ya nyumba na chumba cha vioo, au kati ya chumba hicho na bustani. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika Uingereza yenyewe, chumba cha vioo cha chini ya mita za mraba 30 kilichojengwa ardhini husamehewa sehemu kubwa ya kanuni za ujenzi, mradi kimetengwa na nyumba kwa ukuta na mlango wa ubora wa nje na hakitegemei mfumo wa joto wa nyumba. Mlango unaotenganisha ukiondolewa, msamaha huondoka pamoja nao. Mlango mpya unaobanwa na kanuni, ukiwa na kioo kwa zaidi ya asilimia 60, kwa kawaida hutakiwa usipoteze zaidi ya wati 1.4 kwa mita ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti ya joto; kiwango hicho kilianza kutumika Juni 2022. Kioo cha mlango lazima kiwe cha usalama hata pale chumba kinaposamehewa.

Fremu

Alumini ndiyo hutumika zaidi, kwa kuwa ni imara hata ikiwa nyembamba na hubeba vipande vipana. Kasoro yake ni kupitisha joto, takriban mara elfu moja kuliko PVC. Fremu nzuri hukatwa katikati kwa ukanda wa poliamidi unaozuia joto kutoroka. Isiyo na ukanda huo hutoa jasho wakati wa baridi na haifai. PVC ni nafuu, ila huhitaji fremu nene na vipande vyembamba. Mbao hupendeza, lakini hudai rangi au vanishi kila baada ya miaka michache na huvimba kwa unyevu.

Kioo

Kioo cha tabaka mbili chenye gesi ya agoni katikati na utando wa kuakisi joto ni cha kawaida. Mlango unaotazama kusini hufaa kuwekewa kioo cha kupunguza jua, maana chumba cha vioo huchemka kiangazi.

Vipande, reli na kizingiti

Idadi ya vipande huamua matumizi ya kila siku. Vikiwa witiri, kwa mfano vitatu au vitano, vyote vikikunjwa upande mmoja, kimoja huweza kufunguka peke yake kama mlango wa kawaida. Vikiwa shufwa na vyote vikaelekea upande mmoja, hakuna njia ya kutoka bila kuanza kukunja. Dawa ni kukitenga kipande kimoja upande wa pili, kama 3 na 1. Vipande vingi vyembamba huongeza fremu machoni: kila maungio ya alumini huziba takriban milimita 120 za mandhari.

Uzito nao hupimwa. Kioo huwa na kilo 2.5 kwa mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, hivyo kipande cha mita 0.9 kwa 2.1 chenye vioo viwili vya milimita 4 hubeba karibu kilo 38 za kioo pekee. Mlango unaoning'inia juu hutaka linta imara, kitu ambacho boriti nyepesi ya chumba cha vioo kwa kawaida sicho. Mlango unaobebwa na reli ya chini hufaa zaidi hapo, ingawa reli hiyo hukusanya mchanga na majani.

Kizingiti kilichoinuka huzuia mvua vizuri kuliko kilicholala sawa na sakafu. Kilicholala huhitaji mfereji wa maji nje.

Usalama

Komeo la ncha nyingi ni la lazima.

Mbadala

Mlango wa kukunja hufungua takriban asilimia 90 ya nafasi, ilhali wa kuteleza wa vipande viwili hufungua nusu tu lakini huwa na vioo vipana na maungio machache. Kwa uwazi usiozidi mita 2, mlango wa kawaida wa kufungua pande mbili hutosha na bei yake ni ya chini.