Mahindi ya Karatu, Watalii wa Ngorongoro

Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakata roho, shirika la ndege la pamoja lilikuwa limesambaratika, na kila serikali ilikuwa inashikilia mali ya mwenzake. Magari na ndege ndogo za kampuni za utalii za Nairobi zilizokutwa upande wa Tanzania zilizuiwa hukohuko. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa wakubwa wa Dar es Salaam na Nairobi. Kwa watu wa nyanda za Ngorongoro kilikuwa kisa cha mfukoni. Hadi siku ile mtalii wa kawaida alishuka Nairobi, akakodi gari Nairobi, akavushwa Namanga kuja kuitazama kreta kwa siku moja au mbili, kisha akarudishwa alikotoka na pochi yake. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971 ili kuvunja utaratibu huo, lakini njia ya fedha haihamishwi kwa kujenga uwanja peke yake. Malalamiko ya Tanzania kwamba ilikuwa inafuga wanyama na jirani anakamua maziwa yalikuwa ya haki. Ila dawa iliyotumika iliumiza kwanza upande huu. Vyumba vya hoteli zilizokuwa ukingoni mwa kreta vilibaki vitupu, na mwaka uliofuata vita vya Kagera vikaanza, mafuta yakawa ya kusaka.

Miaka ile karibu saba ni migumu kuikuta kwenye historia za utalii, maana hakukuwa na utalii wa kusimulia. Mimi naiona kuwa ndiyo miaka inayotufundisha zaidi juu ya uchumi wa eneo hili, kwa sababu ilionyesha kilichobaki mgeni alipokatika. Kilichobaki ni shamba na zizi.

Karatu ya wakati huo, chini ya nyanda za Ngorongoro, ilikuwa nchi ya wakulima, tena wageni kiasi katika ardhi hiyo. Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, walitokea milima ya Mama Isara upande wa Mbulu, ambako walikuwa wamebanana kwenye miteremko wakilima kwa samadi na kuchunga udongo usiondoke. Tangu miaka ya 1920, na zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, walisogea kaskazini kadiri vichaka vya mbung'o vilivyofyekwa. Wamasai waliokuwa wakichunga huko walikuwa wamepoteza ng'ombe wengi mno kwa sotoka ya miaka ya 1890, na njaa na ndui vilivyofuata vilipunguza watu pia. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa imekwisha kupiga marufuku mapigano ya kugombea malisho.

Kando yao, Oldeani, walowezi wa Kijerumani walipanda kahawa chini ya msitu. Vita vilipoanza mwaka 1939 waliwekwa kizuizini na mashamba yakaangukia mikono mingine. Moja kati ya hayo, lililofunguliwa mwaka 1929, baadaye lilichukuliwa na James Gibb, Mwingereza aliyetoka vitani, akaendelea na kahawa. Mwaka 1972 familia ikaanza kupokea wageni wa kulala. Nyumba hiyo ndiyo Gibb's Farm, ambayo mpaka leo inachuma kahawa yake na mboga zake yenyewe. Naitaja kwa sababu inaonyesha mpangilio uliosahaulika: huku Karatu shamba ndilo lililozaa hoteli.

Huko juu Ngorongoro mambo yalikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa ikiwa imemeza na kreta ya Ngorongoro. Wafugaji waliokuwa ndani walibanwa, wakagoma, na serikali ikatafuta suluhu. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia alama zao kwenye karatasi ya kukubali kuiacha Serengeti: Moru, Seronera na mabonde yake. Mwaka 1959 Ngorongoro ikakatwa kutoka hifadhi ile na kufanywa eneo la pekee, la kilometa za mraba zipatazo 8,300, ambamo mtu, ng'ombe na mnyama wa porini wangeishi pamoja kisheria. Mwaka huohuo Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus Olduvai, na Michael Grzimek, rubani kijana wa Kijerumani aliyekuwa anahesabu nyumbu na baba yake, alianguka na ndege akazikwa ukingoni mwa kreta. Jina la Ngorongoro likasambaa duniani kwa mkupuo mmoja.

Wakati huo wakazi walikuwa wapatao 8,000. Leo wanakaribia 100,000. Katikati ya namba hizi mbili kuna amri nyingi. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zinaishi ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika eneo lote. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela, baada ya kuona njaa ilivyokuwa, aliruhusu bustani za kujikimu. Mwaka 2009 ruhusa ile ikafutwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1970 ameona shamba la mama yake likifutwa, likirudishwa na kufutwa tena kabla hajafika miaka 40.

Mtu wa nje hujiuliza: Mmasai anataka shamba la nini, si ana ng'ombe? Jibu liko kwenye hesabu. Watu wameongezeka mara 12, ng'ombe hawakuongezeka hivyo, na hawana pa kuongezekea. Nyumbu wanapozaa kwenye tambarare za Ndutu, kati ya Januari na Machi, ng'ombe hawapelekwi huko, kwa sababu ndama wa nyumbu huacha ugonjwa usio na tiba. Wakibanwa nyanda za juu hukutana na kupe na ndigana kali. Zizi likipungua, maziwa hayatoshi, na familia inakula ugali. Ugali unahitaji mahindi, na mahindi hayaruhusiwi kupandwa. Hapo ndipo Karatu ilipopata mteja asiye na hiari.

Ukitaka kuuona uchumi huu kwa macho, nenda Karatu siku ya mnada. Asubuhi mbuzi na ng'ombe wameshushwa kutoka juu, wanaume wamesimama na fimbo, wanunuzi wanapapasa mgongo wa dume kutafuta nyama. Mchana fedha ileile imevuka upande wa pili wa uwanja. Mama wa Kimasai ameinama juu ya turubai la mahindi, anachota kiganjani, anayapuliza vumbi, anauma punje moja kuona kama imekauka. "Yeyo, chukua debe sita, nakufungia gunia," muuzaji wa Kiiraqw anamwambia. Yeyo, yaani mama huyo, anataka debe la kwake, si la muuzaji, maana debe la muuzaji limepondwa ubavuni. Wanabishana, wanacheka, wanapimiana. Jioni magunia yanapakiwa kwenye Land Rover kuukuu kwenda lango la Loduare, na yakifika mwisho wa barabara yanabebwa na punda. Biashara hii haimo katika tangazo lolote la vivutio, lakini ndiyo iliyoendelea kila msimu, mgeni awepo asiwepo.

Mpaka ulipofunguliwa, na uchumi ulipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, kampuni binafsi za utalii zilichipua Arusha, safari hii wageni wakishuka Kilimanjaro. Karatu bado ilikuwa mji wa vumbi jekundu wa kupitia. Kilichoubadilisha ni mambo mawili. La kwanza ni lami. Barabara kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, kama kilometa 77, ilijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Safari ya nusu siku ya kutikiswa ikawa ya saa chache. La pili ni ada. Anayelala ndani ya hifadhi hulipia kulala huko juu ya kiingilio, na gari la kushuka kreta peke yake hulipiwa dola 250 bila kodi. Wapangaji wa safari walipiga hesabu, wakaona afadhali mgeni alale Karatu, aamke alfajiri, apande, ashuke kreta, arudi. Loji zikaota Rhotia, Tloma, Bashay, Ganako, kwenye ardhi iliyokuwa ya mahindi na kahawa.

Vijana wengi wamepata kazi humo, na mimi sioni aibu kulisema hilo kwa furaha: dereva, mpishi, mhudumu, fundi bomba, mlinzi. Wilaya yenyewe, iliyomegwa kutoka Mbulu katikati ya miaka ya 1990, ilihesabiwa kuwa na watu 230,166 mwaka 2012 na zaidi ya 280,000 miaka kumi baadaye. Lakini kazi hizo zina msimu. Aprili na Mei masika yakikolea, magari huadimika na wengi hurudishwa nyumbani bila mshahara. Na loji zinanywa maji katika mji ambao mwananchi bado ananunua maji kwa ndoo.

Maji, kwa kweli, ndiyo mali kubwa kuliko zote hapa. Msitu wa mlimani ulioko ukingoni mwa hifadhi hunasa ukungu na mvua, ukazichuja hadi chini, na chemchemi zikachomoza upande wa Karatu na kwenye bonde la Eyasi. Chemchemi ya Qangded ndiyo iliyoifanya Mang'ola, nchi kavu ya migunga na joto, kuwa jina linalojulikana hadi masoko ya Kenya. Wahadzabe waliwinda hapo na Wadatoga walichunga hapo kabla ya kitunguu kufika. Leo majaruba yamejipanga hadi macho yanapoishia, maji yanapelekwa kwa zamu kwenye mifereji, na watu wa makabila chungu nzima wamehamia kulima, kubeba na kufunga.

Mkulima wa Mang'ola hushindwa pale pa kupimia. Kitunguu kikikomaa hakisubiri, ghala hana, na dalali anajua hivyo. Gunia linajazwa hadi mdomo, kisha juu yake linashonewa kilemba cha wavu na kurundikwa tena: hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, mizani inahubiriwa kila mwaka wa uchaguzi, na bado lumbesa inatoka. Anayeuza lumbesa ametoa bure sehemu nono ya jasho lake, na bei ikiporomoka kwa kuwa Wakenya nao wamevuna, anabaki na deni la mbolea.

Soko la mbali linaweza kukuangusha vivyo hivyo hata kwa zao lisilooza. Wakulima wa Karatu huchanganya mahindi na mbaazi au ngwara. Agosti 2017 India iliweka kikomo kwa mbaazi za kutoka nje, na bei ikaanguka kiasi kwamba wengine waliziacha shambani. Hapana aliyekuwa amewaambia kuwa maisha yao yalikuwa yanategemea mnunuzi mmoja aliye ng'ambo ya bahari.

Kisha ikaja 2020. Watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,867. Aprili ndege za kimataifa zilisitishwa, Mei 18 anga likafunguliwa, lakini wageni hawakurudi siku ileile. Loji za Karatu zilifunga milango. Walioachishwa walirudi kwa wazazi wao Endabash, Mbulumbulu, Kansay, na waliokuwa na ekari mbili tatu za familia walishika jembe. Ilikuwa 1977 kwa mara ya pili. Tofauti ni kwamba safari hii sehemu ya ekari zile ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa wajenzi wa loji, na aliyeuza hakuwa na pa kurudi.

Watalii wamerudi, na zaidi: mwaka 2024 nchi ilipokea zaidi ya milioni 2.1. Fedha hii ni nafasi ya kweli, ila ibakizwe. Loji moja yenye vitanda 60 inakula mayai, viazi, nyanya, nyama na maziwa kila siku ya mwaka. Mikataba ya ununuzi kati ya majiko hayo na vikundi vya wakulima wa wilaya, ghala za vitunguu Mang'ola, na mizani inayolindwa na halmashauri yenyewe vingefanya mengi zaidi kuliko tamasha jingine la kutangaza vivutio. Tangu 2018 eneo la Ngorongoro na Lengai, pamoja na sehemu za Karatu na Monduli, linatambuliwa na UNESCO kama jiopaki, la kwanza kusini mwa Sahara. Heshima hiyo imeziunganisha kwenye ramani moja wilaya ambazo bajeti huzitenganisha.

Linabaki suala la watu wa juu. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamisha familia kwenda Msomera, wilayani Handeni, ikisema ni kwa hiari na kwamba idadi ya watu inaua hifadhi. Wakazi wengi wamekataa, wakilalamika kuwa huduma zimekatwa ili wachoke. Agosti 2024 maelfu walikaa barabarani mbele ya magari ya watalii baada ya vijiji vyao kufutwa kwa tangazo la serikali, tangazo ambalo mahakama Arusha ililisimamisha. Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimasai, na Februari 2025 akaunda tume mbili, moja ya ardhi na nyingine ya uhamaji.

Katika mabishano yote hayo nimesikia hesabu za nyumbu, za dola na za ng'ombe. Hesabu ya mnada wa Karatu sijaisikia. Watu karibu 100,000 wanakula mahindi ya wilaya hii mwaka mzima, wanalipa taslimu, na hawasubiri ndege yoyote itue. Wakihamishwa, mkulima wa Rhotia atapoteza mnunuzi wake wa karibu kuliko wote, na Karatu itakuwa imeegemea loji na dalali peke yao. Jambo hilo liwekwe mezani kwa tarakimu, wakulima wa Karatu wakiwa wamekaa kwenye viti, kabla gari jingine halijapakia vyombo kwenda Handeni.